Ukienda Bandung, Jifunze Kisunda kwa Kuanzia Adabu

Vijana wanaokwenda kusoma Bandung, mji wa Indonesia, huniuliza kama Kiindonesia kitawatosha. Darasani na ofisini kinatosha. Lakini ukipanga chumba kwenye nyumba ya familia, kama nilivyopanga mimi, utakuta watu wanazungumza Kisunda, lugha ya mamilioni ya wakazi wa upande wa magharibi wa kisiwa cha Java, ambayo Mjava wa upande wa mashariki haielewi mpaka ajifunze.

Ninachokusihi kwanza ni kujifunza kila neno pamoja na daraja lake la heshima. Kitendo cha kula huitwa dahar baina ya marafiki, tuang unapomtaja mtu unayemheshimu, na neda unapojitaja mwenyewe mbele yake. Katika wiki zangu za mwanzo mama mwenye nyumba aliniuliza, "Parantos tuang?", yaani, umeshakula? Nami, kwa mazoea yetu ya kujibu kwa kitenzi kilekile tulichoulizwa, nikasema, "Parantos tuang, Ibu." Akatabasamu, akanisahihisha kwa upole: "Neda." Nilikuwa nimejitukuza mbele ya mtu mzima, sawa na mtoto anayejiamkia shikamoo mwenyewe. Madaraja hayo yaliota mizizi nchi ya Priangan, yaani nchi ya Wasunda inayozunguka Bandung, ilipotawaliwa na dola ya Kijava ya Mataram katika karne ya 17, na mpaka leo mtu hupimwa malezi yake kwayo. Basi andika maneno hayo matatumatatu katika daftari lako, kamwe usiandike moja peke yake.

Pili, usikisie maana kwa kutumia Kiindonesia. Budak kwa Kiindonesia ni mtumwa, kwa Kisunda ni mtoto. Amis kule ni shombo la samaki, huku ni utamu, na ndiyo maana mji wa Ciamis una jina zuri la maji matamu. Wingi nao huingia katikati ya neno: budak mmoja, barudak wengi.

Irabu inayoandikwa eu ilinisumbua kwa miezi. Aliyenifundisha ni muuza peuyeum, muhogo uliochachushwa, ambaye alilirudia neno hilo taratibu kila nilipokwenda kununua, mpaka ulimi wangu ukalizoea.

Na unapopita mbele ya watu walioketi, inama kidogo, shusha mkono wa kulia, useme "punten". Watakujibu "mangga", pita.