Korongo Kavunjika Mguu, Mbona Hawamfungi Banzi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu anasoma Japani, kanitumia video ya korongo kule Izumi, wamejaa mashambani maelfu kwa maelfu, sasa kuna mmoja mguu unaning'inia kabisa anarukaruka na ule mwingine na watu wamesimama mbali wanaangalia tu. Kwetu kuku akivunjika mguu mama anamfunga vijiti na kitambaa, wiki tatu anatembea. Hao wanashindwa nini? Roho imeniuma sana.
Msomaji, Karatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hata mimi inaniuma, na mama hajakosea, mfupa wa ndege unaunga haraka kweli. Ila korongo sio kuku. Hao wa Izumi wanapita 10,000 kila msimu wa baridi, wanashuka kutoka Siberia na China kuanzia Oktoba, na wengi wao ni wale wa kijivu wenye shingo nyeupe ambao sehemu kubwa ya jamii yao dunia nzima inakuja hapohapo. Mmoja ana kimo kama mita moja na uzito karibu kilo 4, na uzito wote huo uko juu ya miguu miwili myembamba isiyo na nyama, hata usiku analala kasimama majini. Ukimfunga mguu mmoja, ule mzima unabeba kila kitu, unyayo unavimba, unatunga usaha, mwisho yote miwili imeharibika.

Halafu kumkamata kwenyewe sasa. Ukimkimbiza akahangaika mikononi mwa watu, misuli yake inaweza kufa kwa hofu na kuchoka, yaani eksirei inaonyesha mfupa umeunga vizuri na ndege bado hasimami! Kwa hiyo anayeweza bado kuruka na kula, mara nyingi kumwacha ndio huruma. Na msimu wa 2022 mafua ya ndege yaliua korongo zaidi ya 1,000 hapo Izumi, mtu wa kawaida asiwashike kabisa.

Bawa ndio balaa zaidi. Ule mfupa unaotoka begani ni mtupu, una hewa iliyoungana na njia ya pumzi, na ganda lake jembamba likivunjika linapasuka vipande kama chupa, ukimwaga maji kuosha kidonda maji yanaingia kwenye pumzi.

Kinachowavunja sana ni nyaya za umeme. Macho ya korongo yamekaa pembeni mwa kichwa, akiinamisha kichwa kutazama chini akiwa angani, mbele haoni kitu, hilo limepimwa kwa korongo wa Afrika Kusini. Kutundika alama kubwa kwenye waya kunasaidia, na mimi hela ningeipeleka huko kabla ya plasta.

Na huko Karatu ukikuta korongo taji yuko chini ya waya, zuia mbwa na watoto, mpigie afisa wanyamapori. Kama kalala hawezi kuinuka, mfunike kichwa na khanga kavu, giza linamtuliza, na uso wako uwe mbali maana mdomo wake unalenga macho.