Kabla hujasema umeona uhai: kwa anayeanza

Kabla hujafungua data ya sayari yoyote, andika kwenye daftari, kwa wino, ni kitu gani utakikubali kuwa dalili ya uhai na ni kipi kitakufanya uikatae.

Nilianza kulielewa hilo kwenye maabara ya shule. Tone la haidrojeni peroksaidi juu ya kiazi kibichi hutoa povu. Kiazi kilichochemshwa hakitoi kitu. Nikaandika kwa furaha: povu ni alama ya uhai. Mwalimu akachota unga mweusi wa betri ya redio iliyokwisha, akaudondoshea dawa ileile. Povu likafurika hadi mezani.

Ukiliweka hilo akilini, Viking haikupi shida. Mwaka 1976 vyombo hivyo viwili vya Marekani vilitua Mirihi. Katika jaribio la Gilbert Levin, udongo ulidondoshewa maji yenye virutubisho vya kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi: kama kuna vijidudu, watakula na kutoa gesi yenye mionzi. Gesi ikatoka. Udongo uliopashwa moto hadi nyuzi 160 haukutoa. Kwa kigezo kilichowekwa kabla ya safari, huo ulikuwa uhai.

Ila virutubisho vilipoongezwa mara ya pili, gesi haikupanda, ikapungua. Na kifaa kingine hakikupata molekuli za kikaboni za Mirihi, yaani zile za kaboni zinazojenga viumbe, isipokuwa mabaki kidogo yenye klorini, yakahesabiwa kuwa uchafu uliotoka na vyombo hivyo Duniani. Mwaka 2008 chombo kingine kilichotua Mirihi, Phoenix, kikakuta pakloreti kwenye udongo wa huko, chumvi ambayo ikipashwa moto huunguza molekuli hizo na kuacha mabaki yenye klorini. Kwa hiyo hata lile jibu la “hakuna” likatikisika. Levin alishikilia kwamba aliona uhai mpaka alipofariki mwaka 2021.

Kigezo cha wanasayansi wa Viking hakikuwa cha kizembe. Walichokosa ni kuijua kemia ya udongo wa Mirihi usio na kiumbe, na hapo ndipo wageni wengi wa fani hii hupita mbiombio kuikimbilia biolojia. Nakusihi, kaa na jiolojia muhula mzima.

Mimi hugawa ukurasa safu mbili: kushoto, namna kiumbe angeitoa gesi ninayoichunguza, kulia, namna mwamba, volkano au mwanga wa jua ungeitoa. Safu ya kulia ikibaki tupu, narudi maktaba.