Maswali ya Wasomaji: Nataka kuwa doula (msindikizaji wa mzazi leba), lazima niwe nesi?

SWALI: Shikamooni. Ndugu na majirani hunichukua niwasindikize leba kwa sababu sina papara. Sasa nataka nisomee kabisa, iwe kazi. Lazima niwe nesi kwanza? Nitafundishwa nini, na nitoze vipi?
Mama wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba. Unesi si sharti, kwa kuwa doula hazalishi. Kupima njia, kuchoma sindano na kusikiliza mapigo ya mtoto ni kazi za mkunga mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga; usiziguse hata ukiombwa. Wewe unakaa na mzazi, basi. Ni kazi kubwa kuliko inavyosikika: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na mtu anayemtaka kando yake muda wote wa uchungu.

Darasa la awali kwa kawaida ni la siku chache. Kabla ya kulipa ada ya mafunzo ya mtandaoni, uliza kama kuna mazoezi ya mikono, maana kukanda mgongo hakufundishiki kwa video. Uchungu ukija, weka kiganja chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio, usukume bila kusugua mpaka uchungu uachie. Nguvu itoke kwenye uzito wa mwili wako. Ukitumia misuli ya mkono, baada ya saa moja huna mkono. Kanga nayo ni kifaa: ipitishe chini ya tumbo mama akiwa amesimama, uinyanyue taratibu, mgongo unapumua.

Hesabu uchungu tangu mmoja unapoanza hadi unaofuata unapoanza. Mkumbushe akojoe kila baada ya saa 2 hivi, kwani kibofu kikijaa kichwa hakishuki vizuri. Asilale chali: mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa wa damu, na mtoto hupungukiwa hewa.

Wanaoanza huharibu zaidi kwa mdomo. Wanasema "sukuma!" mkunga hajasema. Mama akisukuma kabla njia haijafunguka sentimita 10, shingo ya kizazi inaweza kuvimba na yeye humaliza nguvu zake bure. Kosa lingine ni kunyamaza kikombe cha dawa ya kuongeza uchungu kinapotoka nyumbani kwa mama mkwe. Uchungu unaweza kupitiliza, mfuko ukapasuka. Kikatae kwa adabu, mwambie mkunga.

Cheti hakifungui mlango wa leba. Mahali ambapo vitanda vinatenganishwa na pazia, msimamizi wa wodi ana haki ya kuwaza faragha ya wazazi wengine. Nenda na mama kliniki mimba ikiwa na wiki 34 hivi, muulize mapema. Akiruhusiwa mtu mmoja tu, achague mama mwenyewe, hata kama ni mumewe na wewe ubaki nje. Na ukimsindikiza tangu nyumbani, usisubiri uchungu ukolee huku foleni ya barabara ya Kilwa ikikuangalia. Damu ikitoka, maji yakiwa ya kijani au macho yakiona giza, ondokeni hapo hapo.

Malipo yaandikwe kabla: nauli ya usiku, chakula, na ikiwa utakaa saa 6 au 20, maana mimba ya kwanza haina haraka. Usiulize habari ya fedha leba.