Timu inapigwa kila wiki, sasa tuache kucheza bila hado?

Juzi usiku kanipigia kaka mmoja tunayesali naye huku Ohio, kijana wake anacheza futboli ya Kimarekani sekondari, timu imepigwa mechi nne mfululizo na wazazi wameshaanza maneno, wanataka kocha aachane na huku kukimbizana bila hado arudi kwenye mambo ya zamani. Akaniuliza mi nasemaje, maana anajua nimewahi kukaa misimu mitatu kocha msaidizi wa kujitolea, yaani yule wa kubeba maji na kushika saa. Nikamwambia kaka, hado msiirudishe, punguzeni spidi. Akakaa kimya kidogo, na yeye alidhani ni kitu kimoja.

Kwa asiyejua, hado ni kale kaduara wachezaji 11 wanakojikusanya kila baada ya plei (shambulizi moja, mpira ukianza mpaka ukisimama), kwotabeki, yaani yule anayeongoza ofensi (kikosi cha kushambulia), anawatajia plei inayofuata halafu wanatawanyika. Ukiitoa, plei inatoka kwa kocha pale pembeni kwa ishara za mikono au mabango ya picha kama chuo cha Oregon walivyokuwa wanainua, watu wanaenda moja kwa moja kwenye mstari. Kuharakisha ni hiari. Kwotabeki Peyton Manning pale Indianapolis alikuwa anawapanga wenzake mapema bila hado halafu anakula karibu muda wote wa kuanzisha plei, ananyoosha vidole, anapiga kelele, anaisoma difensi (wale wanaozuia), anabadilisha plei. Haraka alikuwa hana yule bwana.

Sisi tulikuwa na haraka. Kocha mkuu alizipenda zile timu za Chip Kelly, aliyekuwa kocha wa hao Oregon, tukawa tunaachia mpira sekunde kumi na kitu tu baada ya refa kuuweka chini, na ukweli ni kwamba ukipata yadi 10 zako (unapewa plei nne za kuzitafuta, ukizipata unaendelea) raha yake usipime, difensi wanahema, hawapati hata nafasi ya kubadilisha watu. Shida ni pale usipozipata. Mechi ya tano nikaamua kushika saa vizuri, ofensi yetu ikaingia, pasi ikaanguka, mtu akakimbia yadi mbili, pasi ikaanguka tena, tukapiga panti, yaani kuupiga mpira mbali kwa mguu na kuwaachia wapinzani. Sekunde 43! Pale benchi kuna kijana wetu mmoja bonge wa difensi, kofia ndo kwanza ameivua, chupa ya maji iko mdomoni hata hajameza, anaitwa arudi uwanjani. Na shule yetu ndogo, watoto kama wanne hivi wanacheza ofensi na difensi zote mbili, kwa hiyo wao hata hilo benchi hawalioni. Mwisho wa mechi nikajumlisha, difensi ilikuwa uwanjani dakika 31 kati ya 48.

Na hii haiwakuti watoto tu. Buffalo Bills ya kwotabeki Jim Kelly ilikuwa moto kwa mtindo huuhuu, ila Super Bowl (fainali ya ligi kuu, NFL) ya Januari 1991 New York Giants wakaushikilia mpira zaidi ya dakika 40 kati ya 60, wakatembea nao taratiibu, Bills wakalala 20 kwa 19. Chip Kelly mwenyewe alipokwenda kufundisha Philadelphia kwenye NFL alishinda mechi 10 mwaka 2013, 10 tena 2014, halafu 2015 akafukuzwa msimu hata haujaisha.

Basi wiki ya sita wazazi wakashinda, hado ikarudi. Aisee! Watoto walizoea bango moja lenye picha, sasa wanatajiwa plei yenye jina refu kama la mtaa, kwotabeki anatoka kwa kocha na jina lote, akifika kwenye duara nusu limeshadondoka njiani. Tulipigwa adhabu ya kuchelewesha mchezo mara mbili robo ya kwanza tu, yadi 5 kila moja. Hado nayo inafundishwa Agosti jamani, haiokotwi Oktoba.

Tulichofanya baadaye ni kurudisha mabango (moja nililiweka twiga, wapinzani hawakuelewa mpaka leo) lakini tunatembea. Sheria ilikuwa moja, hamna kuharakisha mpaka mpate kwanza zile yadi 10 za mwanzo, mkizipata na mkiona difensi yao imeshika viuno basi harakisheni. Na plei ya kwanza iwe ya kukimbia na mpira, maana pasi ikianguka saa inasimama na wewe ulikuwa unataka itembee. Hatukuwa mabingwa, tulishinda mbili kati ya nne za mwisho. Ila difensi walikuwa wanakunywa maji mpaka wanamaliza.

Kuna timu moja tu ningeiambia iache kabisa kucheza bila hado, ile ambayo kwotabeki ni mtoto wa mwaka wa kwanza na kila akitazama pembeni uso unaonyesha hajaelewa bango. Huyo mwache akae kwenye duara apumue.

Kaka anaenda Ijumaa hii na saa ya simu. Nimemwambia asimsumbue kocha, ahesabu tu difensi wanakaa benchi muda gani kila ofensi ikiingia, halafu anitumie. Mkewe anasema afadhali, angalau wiki hii mume atakuwa na kazi, hatapiga makelele.