Uliza Fundi Barabara: Kalavati limepigwa plasta

SWALI: Shikamoo mzee. Dada yangu yuko Connecticut, Marekani. Kanitumia video ya barabara inaitwa Merritt Parkway: miti pande zote, malori marufuku, na daraja moja lina vipepeo vya chuma kwenye utando wa buibui. Huku kwetu Igogo kuna kalavati la mawe la zamani. Mwaka jana lilipigwa plasta, na tayari inabanduka. Wenzetu wanatunzaje?
Fundi mawe, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Barabara hiyo ilianza kujengwa 1934, ikakamilika 1940, kilomita 60 hivi. Madaraja yake, karibu 70, aliyachora George Dunkelberger, na alihakikisha hayafanani. Hao vipepeo naona aliwaweka kwa raha zake tu. Tangu 1991 imo kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, ila kutu haisomi orodha. Kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Maji ya chumvi hupenya kwenye zege hadi kwenye nondo, nondo inaota kutu, inavimba, zege linapasuka. Fundi anayejua kazi hapaki plasta juu ya ugonjwa. Anachimba zege bovu mpaka nyuma ya nondo, anasugua kutu, ndipo anajaza zege lenye rangi na kokoto zinazoshabihiana na la zamani.

Kalavati lako halina chumvi, lina maji. Gonga plasta kwa nyundo ndogo. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachia ukuta; huenda maji yamekaa nyuma yake. Nadhani waliziba yale matundu ya kutolea maji ukutani. Najua kwa sababu nilishayaziba mwenyewe nikiwa nyapara, njia ya Kisesa, nikitaka ukuta upendeze mbele ya mkaguzi. Masika moja tu, ukuta ukatoa tumbo kama mjamzito. Tulibomoa.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo pitia kwanza serikali ya mtaa, mkaombe kibali. Mkikipata, bandueni plasta kwa patasi, zibueni matundu, mzoe mchanga mtaroni kabla ya vuli. Msilipake rangi.

Na kama kuna mkuyu umeota katikati ya mawe, usiung'oe. Ukate usawa wa ukuta, urudie kila unapochipua. Ukiuvuta, utaondoka na jiwe lake.