Feni ya kupepeta inayorusha mchele: anza na puli ya mota

Kaka wa Ubaruku uliyeuliza, kama feni ya kupepeta inarusha mchele pamoja na pumba, inazunguka kwa kasi mno, ila usikimbilie kununua puli (gurudumu la mkanda) nyingine. Hiyo yako ya mota ni ya kurekebishika, ina upande mmoja unaozunguka kwenye meno kama ya skrubu. Zima umeme kwenye meni kabisa, legeza mota, toa mkanda. Fungua skrubu ndogo ya pembeni, kisha zungusha ule upande utoke nje. Mfereji wa mkanda ukipanuka, mkanda unazama ndani, kipenyo kinapungua, feni inapungua kasi. Mfano: mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika, puli yake kipenyo milimita 100, ya feni 150, feni inapata mizunguko 960. Ukishusha hadi 90, unapata 864.

Nenda nusu mzunguko kila mara, ile skrubu ndogo itue penye ubapa wa meno, la sivyo utaua meno (nimeshaua moja, Mbarali yote sikupata nyingine). Halafu nyoosha puli kwa uzi, maana mkanda umehama kidogo, ukaze upya.

Siku ukitaka kuongeza kasi, pima ampea (umeme unaovutwa na mota) kwanza. Kasi ikipanda asilimia 10, mzigo wa mota unapanda kama 33.