Tambi za kitimoto Guangzhou, jaribu tu dada

Dada umeuliza kama tambi za kitimoto cha kuchoma hapa Guangzhou, China, zinalika au ile rangi nyekundu ya nyama ni pilipili, hapana sio pilipili kabisa, ni nyama imelazwa kwenye soya sosi, asali na viungo halafu inaning'inizwa kwenye ndoano ndani ya tanuri, wenyewe wanaiita char siu. Ni tamutamu, sio kama kitimoto yetu ya chumvi na ndimu, kwa hiyo tonge la kwanza utashangaa kidogo.

Mi nilikula kwenye kamgahawa ka mtaani, yule baba aliikata na lile panga lao pana mbele yangu, vipande vyembamba, pembeni vimeungua kidogo vinang'aa kwa asali, aisee pale pa kuungua ndo penyewe! Agiza nusu mafuta nusu steki, sema "bun fei sau" watakuelewa, steki tupu inakuwa kavu. Tambi zao ni za mayai, zina ukakamavu flani, kula haraka zisilowe kwenye supu.

Kama unaongozana na Muislamu mpeleke kwa wale wa tambi za Lanzhou (mji wa kaskazini-magharibi mwa China), wengi ni Waislamu, wanapika ng'ombe.